Ushauri Niliompa Leokadia

Mwalimu Mhina alizikwa Morogoro Jumamosi moja ya masika, mvua ikishuka taratibu kutoka Uluguru kama isiyo na safari nyingine. Sisi aliotufundisha ukaguzi wa hesabu tulijipanga nyuma ya ndugu zake chini ya miamvuli, wengi wetu sasa ni watu wa vitambi na vidonge vya presha, tukitazamana na kujaribu kukumbukana majina. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam asubuhi na mapema, na njia nzima, kuanzia Chalinze, nilikuwa naomba Leokadia asiwepo. Nilipomwona ng'ambo ya kaburi, amejitanda kanga juu ya gauni jeusi, mnene kidogo kuliko nilivyomwacha lakini na shingo ileile iliyonyooka, nilitamani nirudi kwenye gari. Alipokwisha kutupa udongo wake alizunguka mpaka nilipokuwa, akanishika kiganja na hakukiachia. "Rehema," akasema, "leo huondoki Morogoro bila kula kwangu. Nimeshapika." Kwa miaka mingi nimekuwa na udhuru wa kila aina, kazi, watoto, safari, foleni ya Kimara, lakini siku ile hata mmoja haukunijia. Nataka kuueleza mwaka tuliolala chumba kimoja kama nilivyokuwa nikiubeba moyoni kabla ya chakula kile, ndipo nije kwenye yale niliyoambiwa mezani.

Chuo chetu cha serikali kilikuwa miguuni mwa mlima, nje ya mji ukielekea Iringa, na bweni la wasichana lilikuwa jengo la mwisho kabla ya mashamba. Wasichana tuliosomea uhasibu tulikuwa wachache kiasi kwamba wahadhiri walitujua kwa sauti. Mwaka wa mwisho nilipangwa pamoja na Leokadia katika chumba chenye vitanda viwili vya chuma na meza moja, yeye akachagua upande wa dirishani ili ayaone mawingu yakipanda kwao. Kwao kulikuwa Mgeta, huko juu kunakotoka kabichi na njegere za sokoni Dar, na kila lori la mboga liliposhuka alikuwepo mtu wa kumletea kitu: peasi ngumu zilizotaka kuatamiwa kwenye sanduku la nguo mpaka zilainike, viazi mviringo, mara nyingine matunda damu yaliyotuachia midomo myekundu kama tumepaka rangi. Vilitufaa sana. Jiko la chuo lilikuwa limeanza kubana, nyama ilikuwa ya kusikia, na tulishaambiwa kwamba wakati wa kulishwa na serikali unakwisha. Tulipika chumbani, jambo lililokatazwa, kwa koili ya umeme iliyolazwa juu ya tofali, tukiziba uvungu wa mlango kwa kanga ili harufu isimfikie matroni. Matroni alijua. Siku moja aligonga, hakuingia, akasema tu kwa sauti ya chini, "Leo vitunguu mmeviunguza," akaendelea na njia yake.

Ukikaa na mtu chumba kimoja unajua kiasi cha akili yake kuliko mwalimu anayemsahihisha. Mimi nilifaulu kwa kukariri. Nilikuwa natembea uani asubuhi nikijisemea kanuni kama mtoto wa madrasa. Leokadia alikuwa anaelewa. Alichukua hesabu za kampuni tano zilizounganishwa, akakaa nazo akiimba wimbo wa kanisani chinichini, na wimbo ulipokwisha pande mbili za mizania zilikuwa zimelingana. Kisha alinigeuzia karatasi na kunieleza mpaka nielewe, bila kunifanya nijione mjinga. Nasema haya ili ieleweke kwamba niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kutojua yeye ni nani.

Waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo wanasubiri barua ya kupangiwa kazi. Serikali ilikuwa na mashirika ya kila kitu, ya viatu, ya ngozi, ya usafirishaji, na kila shirika lilihitaji wahasibu. Walikuwa wakibishana koridoni kama watu wanaochagua kitambaa dukani: hilo lina nyumba, lile lina gari la kuwapeleka wafanyakazi, lile liko mbali na wakwe. Zamu yetu ilipofika, Mwalimu Mhina aliingia darasani asubuhi moja, akaweka faili mezani na hakulifungua. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta ya kijivu hata wakati wa joto. "Nimetoka wizarani," akasema. "Hakuna tena kupangiwa. Mtakaohitimu mwaka huu mtajitafutia." Mtu wa nyuma akauliza, "Tutajitafutia wapi, Mwalimu?" Akajibu, "Sokoni. Si kila kitu sasa ni ruksa? Basi na ninyi ni ruksa." Leokadia ndiye aliyenyoosha mkono. "Mwalimu, na hayo mashirika tuliyosomea, yenyewe yatakuwepo?" Mwalimu alilichukua faili lake mezani. "Hesabu zitakuwepo," akasema. "Hata anayefunga duka anahitaji mhasibu." Wiki chache baadaye, katika semina yake, nilipangiwa kuzungumzia mashirika ya umma yanayokula hasara. Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza, kwa mifano na kwa sauti ya kujiamini, kwa nini mengi hayatafika mbali. Nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwake. Leokadia alikaa safu ya mbele na kunipigia makofi.

Pasaka ile alinichukua kwao. Tulipandia lori Sangasanga, tukakaa juu ya matenga matupu yaliyokuwa yakirudi kujazwa, na barabara ilivyozidi kupanda ndivyo nilivyozidi kuomba dua, maana upande mmoja ulikuwa ukuta na upande wa pili vilele vya miti. Mama yake alitupokea mlangoni akiwa na jembe bado begani. Alikuwa mama mwembamba, mcheshi, mwenye mikono mikavu kama gome, na tangu jioni ya kwanza aliniita mwanangu Rehema, neno moja kama lilivyo jina. Kulikuwa na baridi ambayo mimi mtu wa tambarare sikuwahi kuijua. Alinipa blanketi lake, akasema yeye amezoea, na asubuhi nilimkuta amejikunja karibu na mafiga amejifunika magunia. Alijua mimi Mwislamu; hakuwa na haja ya kukumbushwa. Sufuria alikuwa ameazima kwa jirani Mwislamu wa bondeni na kuku alimpeleka kwa mzee wa hukohuko akachinjwe. Tulikula njegere mbichi zilizopikwa na viazi, na alikaa akinitazama mpaka nimalize, kama anayetazama mtoto anayepona.

Siku ya tatu nilikuwa nimelala, au wao walidhani nimelala, nikamsikia mama upande wa pili wa ukuta wa fito akizungumza na kaka yake, mjomba wa Leokadia, ambaye alikuwa na usemi pale kiwanda cha serikali cha blanketi nje ya mji. Kwa Waluguru shamba hupita kwa mama kwenda kwa binti, na Leokadia alikuwa binti peke yake. Mama alisema, "Akienda Dar tumempoteza. Huyu ndiye wa kunifumba macho nikifa." Mjomba akajibu, "Kiwandani wanamtaka. Nimeshaongea na meneja. Ila mtoto mwenyewe usimlazimishe." Mama akasema, "Simlazimishi. Naomba tu." Nililala nikiwa nimejifunika blanketi lake, nikajiambia sijasikia kitu.

Muda mfupi baada ya likizo kampuni moja ya ukaguzi ya Dar es Salaam ilikuja kufanya usaili chuoni. Ilikuwa kampuni ya binafsi, wakati huo bado kitu kigeni kwetu, na wale mabwana walikuja na gari lenye kiyoyozi na mikoba ya ngozi, wakakaa katika ofisi ya Mwalimu Mhina. Walisema wazi kwamba watachukua mtu mmoja tu kutoka kwetu. Tuliingia mmoja mmoja, mimi na Leokadia tukiwemo. Siku chache baadaye Mwalimu alinikuta barazani akanivuta pembeni. "Wamemchagua mwenzako wa chumba," akasema. "Wewe ndiye unayefuata. Akikataa yeye, wanakuchukua wewe. Nakwambia ili usikate tamaa, lakini usiende kulitangaza." Nilimshukuru. Nilirudi chumbani, nikamkuta Leokadia anamenya viazi, nikakaa kumsaidia, nikamwuliza habari za mchana.

Aliniuliza Jumapili, tukiwa tunafua kwenye mabomba nyuma ya bweni. Alikuwa ametoka misa, amevua viatu vyake vizuri na kuviweka juu ya jiwe visilowe. Majibu yote mawili alikuwa nayo, la kampuni na la kiwanda cha blanketi.

"Rehema, wewe ungekuwa mimi ungechukua ipi?"

Niliendelea kufikicha kola ya blauzi yangu, iliyokuwa imeshatakata. "Ningechukua kiwanda," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wanakupa nyumba. Zahanati wanayo. Shirika la serikali halifi hivihivi, Leokadia. Hao wa binafsi leo wapo, kesho wamefunga virago. Halafu mama yako yuko peke yake kule juu."

Aliikamua nguo aliyokuwa nayo, polepole, akiizungusha mpaka tone la mwisho. "Kweli," akasema. "Mama yuko peke yake." Akaianika. Hatukulizungumza tena. Wiki iliyofuata aliandika kukataa nafasi ya Dar, na kabla mitihani haijaanza Mwalimu Mhina aliniita ofisini kunipa mkono wa hongera.

Nimejitetea mara nyingi juu ya maneno yale. Nyumba ilikuwepo, zahanati ilikuwepo, mama alikuwa peke yake na nilimsikia kwa masikio yangu akiomba. Lakini mtu aliyesimama katika semina kusema mashirika hayo yanakufa ndiye huyohuyo aliyesema pale bombani kwamba hayafi, na kati ya siku hizo mbili hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa kwamba sasa nilikuwa na faida. Kiwanda cha blanketi hakikumaliza hata miaka miwili tangu aajiriwe. Blanketi za nje ziliingia kwa bei ya kutupa, umeme ukakatwa, wafanyakazi wakapunguzwa makundi kwa makundi, kisha pakafungwa kufuli. Kampuni yangu ilikuwa miongoni mwa zilizopewa kazi ya kupitia hesabu za mashirika yaliyokuwa yakifungwa au kuuzwa, na hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Mwalimu juu ya anayefunga duka. Nilizunguka nchi nzima na kalamu nyekundu. Zamu ya kiwanda kile ilipokuja niliomba nisipangwe, nikasema nina homa. Nilipanda cheo, nikajenga, nikasomesha. Habari za Leokadia nilizipata kwa watu: amerudi Mgeta, analima; ameshuka tena mjini, anauza nguo za mitumba; amepata kufundisha masomo ya biashara katika shule ya sekondari. Kila habari niliipokea kama mtu anayesomewa mashtaka. Sikumwandikia. Nilijua nikimwandikia itabidi niseme.

Sasa alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi Kihonda, katika nyumba yenye baraza pana na maua kwenye makopo ya rangi. Njiani kutoka makaburini watu watatu walisimama kumwamkia, mmoja wao meneja wa benki, na wote walimwita Mwalimu. Mume wake alitukaribisha, akala haraka kwa adabu, akatuacha. Tulikuwa na wali, kuku na mboga ya mnafu. Nilikula matonge mawili nikaona siwezi kuendelea.

"Leokadia, kuna jambo nataka nikuombe msamaha."

"La kiwanda," akasema, wala hakuacha kula.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, "Mwalimu Mhina aliniambia na mimi, Mungu amrehemu. Aliniambia nikikataa unachukuliwa wewe, na kwamba wewe umeshajua. Alidhani anafanya wema kwa wote wawili."

"Kwa hiyo uliponiuliza pale bombani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, na nilikuwa nimeshaamua. Nilijua tangu Pasaka kwamba siwezi kumwacha mama. Nilikuuliza ili nione utasema nini." Alipangusa vidole. "Na ukasema. Nilikuwepo kwenye semina yako, Rehema. Nilikupigia makofi."

Sijui ni uso gani niliokuwa nao. Nimetumia nusu ya maisha yangu nikiamini kwamba neno langu lilimpindisha mtu njia, na sasa niliambiwa halikupindisha kitu; lilikuwa limeonyesha tu nilivyo, kwa mtu aliyetaka kuona. Sikujua kama nishukuru au nilie.

"Hilo nilikusamehe kabla nguo hazijakauka," akasema. "Mtu mwenye njaa ya kazi husema lolote. Lile la mama ndilo lililonichukua muda."

"Lipi la mama?"

Alinitazama kuona kama namchezea. Alipoona sivyo, aliweka mkono mezani na kunieleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi. Siku ya mahafali mama yake alishuka na lori la kabichi, amevaa kitenge kipya, ana kikapu chenye njegere alizochuma kwa ajili yangu, si kwa ajili ya binti yake. Alinikuta nimesimama na mabwana wa kampuni, waliokuja kumpongeza mwajiriwa wao, tunapigwa picha. Aliita, mwanangu Rehema. Aliita tena. Niligeuka, nikamtazama, nikarudisha uso kwenye kamera. Alisubiri nimalize. Nilipomaliza niliondoka na wale mabwana kuelekea kwenye gari lao, nikapita karibu yake kiasi kwamba joho langu liligusa kikapu, na sikumwamkia.

Nililitafuta tukio hilo. Nakumbuka joto la lile joho, nakumbuka kofia iliyokuwa ikiteleza, nakumbuka bwana mmoja akinishika bega na kusema karibu kwenye familia. Picha yenyewe ninayo, imetundikwa sebuleni kwangu. Mama simwoni, si pichani wala akilini. Nimejaribu tangu siku ya chakula kile, na simwoni.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema jua lilikuwa usoni mwako, hukumwona. Alikutetea kwa abiria wa lori la kurudi mpaka tunafika Nyandira, kule juu kwetu. Zile njegere hakuzirudisha nyumbani, aliwagawia watu humo garini."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini mama yangu? Nilimwambia ndiyo, jua lilikuwa kali."

Kwamba mama hayupo tena nilikuwa nimesikia kwa watu; nilimwuliza amezikwa wapi. Akasema palepale nyumbani, juu kidogo ya shamba, na kwamba yeye hupanda kila mwezi kupalilia kandokando ya kaburi. Nilitaka kusema mvua imeharibu barabara, na ilikuwa kweli, mume wake alikuwa amesema tukila kwamba lori limekwama Langali, njia ya kwenda huko. Lakini nikatoa simu, nikawaambia nyumbani kwamba sirudi leo.

Tulipanda Jumapili baada ya misa yake. Barabara ilikuwa mbaya kama tulivyoambiwa, na sehemu ya mwisho tulikwenda kwa miguu, tukishikilia majani, mimi nikisimama kila mara kuvuta pumzi na yeye akinisubiri. Nyumba sasa ni ya bati na matofali, anakaa mtoto wa mjomba wake na familia. Aliingia ndani kuwasalimia, akanionyesha kwa mkono njia ya kupita. Kaburi lilikuwa limesakafiwa, lina msalaba mdogo wa saruji, na kuanzia hapo mlima ulishuka kwa matuta ya kabichi mpaka kwenye ukungu. Nilisimama miguuni. Sikuwa nimepanga cha kusema, nilipiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikajibiwa.

Kwenye tuta la chini alikuwepo bibi mmoja, ameinama na jembe, ambaye sikuwa nimemwona. Alinyooka, akaweka mkono kiunoni, akanitazama vizuri akitafuta mimi ni mtoto wa nani. "Umetoka wapi?" akauliza.

Nikamjibu kwamba nimetoka Dar es Salaam, na kwamba nimechelewa.